Sadaka ya Sumatra, Maji ya Sabaki

Dominika ya Desemba 26, 2004, Wakatoliki wa Malindi na wale wa Matara, mji wa bahari kusini mwa Sri Lanka, walipangiwa Injili moja. Ilikuwa Sikukuu ya Familia Takatifu na somo lilitoka kwa Mathayo: malaika anamtokea Yusufu ndotoni, anamwambia aamke, amchukue mtoto na mama yake, wakimbilie Misri kwa sababu Herode anataka kuua. Yusufu hakungoja kupambazuke. Kule Matara Misa ilikuwa ikiendelea bahari ilipoingia kanisani. Waumini kadhaa walikufa, na sanamu ya Bikira Maria iliyoheshimiwa mjini hapo kwa vizazi vingi ilichukuliwa na maji, ikaja kupatikana baadaye. Kusini mwa India, kwenye kanisa maarufu la hija la Velankanni, mamia ya mahujaji waliokuja kumalizia Krismasi kwa Mama Maria waliangamia ufuoni.

Hapa kwetu jua lilikuwa ndiyo kwanza limechomoza. Tetemeko lililozaa wimbi lile, lenye nguvu ya 9.1, lilikuwa limepiga chini ya bahari karibu na Sumatra, Indonesia, kama saa kumi alfajiri kwa saa za Afrika Mashariki. Toka pale hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 6,000. Tsunami kwenye kilindi hukimbia kilomita mia saba na zaidi kwa saa, na hata kwa mbio hizo ilihitaji zaidi ya saa nane kutufikia. Maana yake ni kwamba kati ya msiba wa Matara na maji kufika Malindi palikuwa na nafasi ya saa tano na zaidi. Muda huo ulitosha ibada zote za Jumapili ile, za Wakatoliki, za Waanglikana na za Wapentekoste, toka Mtwapa hadi Mambrui.

Maji yalifika baada ya saa sita mchana. Mombasa, habari za Asia zilipoenea, polisi waliwaondoa watu ufuoni, na hatua hiyo inastahili sifa mpaka leo, kwa kuwa siku ya pili ya Krismasi ni siku ambayo Pwani nzima huteremka baharini. Walioshuhudia upande wetu waliona bahari ikijaa na kupwa, ikijaa tena na kupwa tena, kwa dakika chache chache, mikondo ikienda kinyume na desturi, vyombo vikikatika nanga na kugongana. Mtu mmoja alizama upande huu wa Malindi, na ndiye pekee aliyehesabiwa kufa nchini Kenya. Tanzania walikufa watu wasiopungua 10. Somalia walikufa karibu 300, wengi wao katika rasi ya Hafun. Bahari nzima, toka Aceh kule Sumatra hadi Afrika, ilimeza watu wapatao 230,000.

Kwa nini sisi tulinusurika? Sababu zinajulikana, na ni vizuri muumini azijue. Visiwa na vilima vya chini ya bahari vya eneo la Seychelles vilipunguza nguvu ya wimbi. Miamba ya matumbawe iliyo mbele ya ufuo wetu nayo ilisaidia. Na kuna jambo la mwezi. Siku ile mwezi ulikuwa mpevu, bahari ikawa ya bamvua. Mvuvi yeyote wa Shela au Mayungu anajua maana yake: maji hupwa sana kama saa nne asubuhi na kujaa sana kama saa kumi jioni. Wimbi lilitukuta maji yangali chini. Lingechelewa saa tatu tu, lingepanda juu ya bamvua iliyojaa pomoni, na hesabu ya Kenya isingekuwa mtu mmoja.

Hapo ndipo kanisa la pwani hii lilipopata mtihani wake. Kushukuru ni haki. Aliyekuwa na mtoto ufuoni siku ile akarudi naye nyumbani, nani atamzuia asipige magoti? Lakini shukrani ina mlango wa nyuma ambao kiburi hupitia. Ukisema mbele ya kanisa kwamba Mungu alitukinga kwa sababu ya maombi yetu, umesema bila kutaja kwamba watu wa Hafun hawakuombewa vya kutosha, na kwamba wale wa Matara, waliokuwa ndani ya Misa, waliomba vibaya. Wahubiri wa dini mbalimbali duniani walisema hata makubwa zaidi wiki zile: kwamba wimbi lilikuwa kiboko cha Mungu kwa wazinzi, kwa watalii, kwa wasioamini. Yesu mwenyewe alishalizungumzia suala hili. Katika Luka sura ya 13 anautaja mnara wa Siloamu ulioanguka na kuua watu kumi na wanane, anawauliza wasikilizaji kama wanadhani wale walikuwa na dhambi kuliko watu wengine wote wa Yerusalemu, na anajibu kwamba sivyo. Halafu anawageukia walio hai na kuwataka watubu. Hakuruhusu maiti wa mnara wageuzwe kuwa mfano wa mahubiri. Nadhani kila mchungaji wa pwani hii angeiweka sura hiyo karibu na mimbari.

Jibu la pili la kanisa, na lililo bora, lilikuwa kapu. Makanisa duniani kote yalikusanya fedha kwa ajili ya Asia, na Papa Yohane Paulo II aliomba msaada kwa ajili ya waathiriwa adhuhuri ya siku ile ile, kwenye sala ya Malaika wa Bwana. Sadaka ya pili kwa ajili ya watu wa mbali ni desturi ya kale kuliko makanisa yetu yote. Matendo ya Mitume yanasimulia jinsi Agabo alivyotabiri njaa, na Wakristo wa Antiokia wakaamua kuwapelekea ndugu wa Uyahudi msaada, kila mtu kwa kadiri alivyoweza. Paulo naye aliwatolea Wakorintho mfano wa watu wa Makedonia, ambao walikuwa maskini na bado wakasisitiza kutoa.

Makedonia hiyo tunayo Kilifi. Julai 2004, miezi mitano kabla ya tsunami, Rais Mwai Kibaki alikuwa ametangaza ukame na njaa kuwa janga la kitaifa, na bara la Kilifi, Ganze hasa, ni miongoni mwa sehemu ambazo kila kiangazi kikali huanza nazo. Asiyelijua eneo hili hudhani kaunti yote ni hoteli na minazi. Nusu saa ya gari toka baharini, ardhi inakauka, mahindi yanasinyaa yakiwa ya magotini, na akina mama wanatembea na mitungi toka alfajiri. Misaada iliyokusanywa duniani kwa ajili ya tsunami ilipita dola bilioni 13, na sioni kosa katika hilo. Kosa ni kwamba njaa haina picha ya video ya sekunde thelathini, na kwa hiyo haipati kapu. Mkristo wa Ganze anayetoa shilingi ishirini kwa ajili ya Aceh, ambako wengi walikuwa Waislamu, ametoa kile Paulo alichokiona Makedonia. Ila naye ana haki ya kuuliza kapu la Ganze litapita lini, na litapitishwa katika kanisa gani la mbali.

Jambo lingine linatuunganisha na pwani zile zilizopigwa, na liko Malindi yenyewe, kando ya bahari. Ni kile kikanisa kidogo cha Wareno na makaburi yake. Mtakatifu Fransisko Ksaveri alitia nanga Malindi mwaka 1542 akielekea India, akazika mtu aliyefia chomboni. Katika barua yake anaeleza kwamba mzee wa Kiislamu wa mji alimlalamikia jinsi watu wanavyolegea katika sala, na kumuuliza kama Wakristo nao wana tatizo hilo. Napenda sana mazungumzo hayo ya watu wawili wa dini mbili wakiuguza moyo kwa jambo moja. Toka hapa Ksaveri aliendelea hadi kwa wavuvi wa kusini mwa India, pwani ile ile ambayo tsunami iliivunja mwaka 2004. Bahari iliyoleta Injili, biashara na lugha nyingi za Malindi ndiyo iliyoleta wimbi. Kaskazi inayovuma Desemba haikuwahi kutuuliza dini.

Kapu peke yake, hata hivyo, halikutosha, na tangu hapo maji yenyewe yametufundisha hivyo, safari hii yakitoka upande wa pili. Mto Sabaki huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi, hujulikana kama Athi, kisha Galana, na kuingia baharini kaskazini mwa mji wa Malindi. Mvua inaponyesha Machakos na Makueni, watu wa Jilore, Lango Baya na Garashi wanaweza kuwa chini ya jua kali, anga safi, na bado maji yakawajia usiku wakiwa wamelala. Aprili na Mei 2018 yaliwajia hivyo, na maelfu ya watu wa Magarini na Malindi wakahama. Novemba 2023 ilikuja El Niño. Mwaka 2024 mvua za masika zikaleta mafuriko nchi nzima, na mapema Mei kimbunga Hidaya kikapiga pwani ya Tanzania huku sisi tukikesha na redio. Kwa mtu wa bondeni mwa Sabaki janga huwa la mbali mpaka dakika linapofika mlangoni. Lilikuwa wingu la Ukambani. Mwaka 2004 lilikuwa tetemeko la Sumatra.

Maji hayo yakishafika, ni nani anayejua kwamba bibi fulani mwenye miguu mibovu analala peke yake kwenye nyumba ya tatu baada ya mwembe? Chifu anajua boma. Mwenyekiti wa jumuiya anajua kitanda.

Jumuiya ndogondogo za Kikristo ziliamuliwa na maaskofu wa Afrika Mashariki miaka ya 1970, na Jimbo la Malindi, lililoundwa mwaka 2000 chini ya Askofu Francis Baldacchino, Mkapuchini kutoka Malta, liliwakuta watu wakiishi imani yao humo. Nyumba kama kumi au kumi na tano hukutana mara moja kwa wiki, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Tumsifu Yesu Kristo, milele na milele, amina, na mkeka unatandikwa. Wanaisoma Injili ya Dominika inayokuja, kila mmoja anasema lililomgusa. Kisha inafika sehemu ambayo katika ajenda huitwa mengineyo, na kwa maoni yangu hapo ndipo kanisa linapoonekana uso wake. Nani amelazwa hospitali ya Kilifi? Mtoto wa nani amerudishwa nyumbani kwa karo? Nani amefiwa, matanga yanaanza lini, nani ataleta sufuria kubwa? Waanglikana wana akina mama wa Mothers' Union wanaofanya kazi hiyo hiyo bila kelele. Makanisa ya Kipentekoste yana ushirika wa nyumbani. Zamani mweka hazina alitembea na daftari. Siku hizi ni kundi la WhatsApp na namba ya M-Pesa. Hakuna idara ya serikali inayoijua pwani hii nyumba kwa nyumba kama watu hawa, na hakuna anayewalipa.

Mafuriko yanapokuja, shule na makanisa yaliyo juu huwa ndiyo mahali watu wanakimbilia, kwa kuwa ndiyo majengo yenye kuta na paa la mabati. Anayegawa unga pale hawezi kuuliza kadi ya ubatizo, na wengi wa wenye kuhama ni Waislamu, au Wagiriama wanaofuata mila za wazee wao. Nimeona jinsi mkate unaogawanywa hivyo unavyovunja maneno mengi yaliyosemwa vibaya wakati wa uchaguzi.

Kuna jeraha ambalo siwezi kuandika kuhusu imani ya Malindi nikalikwepa. Aprili 2023 miili ilianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola. Hesabu ilipita 400, watoto wakiwa wengi. Wapelelezi walisema waumini walifundishwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu kabla ya mwisho wa dunia. Mhubiri wao na wenzake walishtakiwa, na walipofikishwa mahakamani walikanusha mashtaka. Mahakama ina kazi yake. Kazi ya makanisa ni nyingine. Mafundisho ya mwisho wa dunia hula habari za majanga. Tetemeko huku, gharika kule, nzige, korona, kila habari inaingizwa katika hesabu moja, na mtu aliyechoshwa na deni, ugonjwa na ukame anaanza kuamini kwamba hakuna haja ya kupanda mahindi. Janga la mbali linapohubiriwa kama saa ya ukutani inayohesabu dakika za mwisho, jirani hana thamani tena. Amebaki kuwa mzigo wa safari. Shakahola haikuanza msituni. Ilianza kwenye viti vya plastiki, mbele ya mhubiri, na makanisa makubwa yalikuwa mtaa wa pili.

Kwa hiyo naona theolojia ya majanga si anasa ya chuo cha mapadri. Mkristo wa Magarini anahitaji kusikia, kwa Kiswahili na kwa Kigiriama, kwamba tetemeko ni ardhi inayojirekebisha, kwamba mafuriko yana vyanzo vinavyojulikana, vingine vikiwa mikono yetu wenyewe, na kwamba Mungu anayehubiriwa katika Injili aliingia ndani ya mateso badala ya kukaa pembeni akiyapanga. Akishasikia hivyo ana jambo la kufanya kesho asubuhi. Anaweza kupanda mikoko. Watamu liko shirika la Kikristo, A Rocha Kenya, ambalo tangu 1999 limeufanya uhifadhi kuwa sehemu ya utume wake. Kwa fedha za wageni wanaotembea kwenye daraja la mbao ndani ya mikoko ya Mida, watoto wa vijiji vinavyozunguka ghuba hiyo na msitu wa Arabuko-Sokoke wanalipiwa karo. Mzazi ambaye karo ya mwanawe inatoka kwenye mti uliosimama ana sababu ya kutoukata. Na mti huo huo ndio unaosimama mbele ya mawimbi.

Na anaweza kuonya. Hapa ndipo ninaporudi kwa Yusufu, kwa kuwa naamini Injili ya siku ile tuliisikia nusu. Tuliisikia kama hadithi ya familia. Ni hadithi ya mtu aliyepewa onyo akalitii. Mwaka 2004 Bahari ya Hindi haikuwa na mfumo wa tahadhari ya tsunami. Sasa upo, chini ya UNESCO, na tangu 2011 Australia, India na Indonesia hutoa taarifa kwa nchi zote za bahari hii. Hapa nchini huzipokea Idara ya Hali ya Hewa. Aprili 11, 2012, tetemeko jingine kubwa lilipopiga karibu na Sumatra, tahadhari ilitolewa hadi Afrika Mashariki kwa saa chache, kisha ikaondolewa kwa kuwa wimbi kubwa halikuja. Mazoezi ya nchi zote hufanywa kila baada ya miaka michache. Umoja wa Mataifa umeitenga Novemba 5 kuwa siku ya kuelimisha watu kuhusu tsunami. Mitambo ipo baharini na ofisi ipo Nairobi. Kinachokosekana ni kilomita ya mwisho, ile ya toka kwenye simu ya ofisa hadi kwenye sikio la mama anayekaanga samaki ufuoni, na la mvuvi aliye nje ya mwamba na simu iliyozimwa ili kutunza chaji. Kilomita hiyo kanisa na msikiti huitembea kila siku. Msikiti una kipaza sauti, kanisa lina kengele, na vyote viwili husikika pale ambapo mtandao wa simu haushiki.

Nawaomba mapadri, wachungaji na makatekista wa pwani hii, toka hori ya Kilifi hadi Ngomeni, na kule bondeni mwa Sabaki, mfanye mambo machache kabla ya mvua zijazo. Kila jumuiya iandike orodha ya wazee, wagonjwa, walemavu na wajane wanaoishi peke yao, na mbele ya kila jina iandikwe nani atakayemfuata usiku. Mkubaliane na imamu wa jirani ni mlio gani utakaomaanisha ondokeni sasa. Mtembee na watoto wa shule ya Jumapili hadi mahali pa juu mlipopachagua, ili miguu yao iijue njia. Mumwalike ofisa wa hali ya hewa wa kaunti aje aongee baada ya ibada, na mumpe dakika thelathini badala ya tatu za matangazo. Sehemu ya sadaka ya pili ibaki katika akaunti ya dharura ya parokia, isiguswe kwa ujenzi wa mnara. Na jambo la kwanza kabisa, lisilohitaji fedha wala ruhusa ya askofu, ni ile orodha. Ianzeni wiki hii, kwenye mengineyo.